Mlango wa Paani wa Gari la Deo

Siku mliponiaga pale gereji mlinipa kitenge, keki yenye umbo la gari, na ombi. Keki imeliwa, kitenge kimeshonwa, limebaki ombi. Mlisema niandike niliyojifunza katika miaka yangu ya kazi ya bodi za magari hapa Karatu, ili atakayeshika mashine ya kuchomelea baada yangu asianze moja. Nimekaa na kalamu nikagundua kwamba karibu kila nilicho nacho ni malalamiko, na karibu malalamiko yote yanahusu milango. Hata ile keki haikuwa na mlango wa nyuma. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni.

Nilikuja gereji nikiwa msichana niliyefundishwa cherehani na masista kule Mbulu. Niliajiriwa kushona viti vya magari ya watalii, basi. Lakini siku ya kwanza fundi mkuu wa bodi, Mzee Melkiori, hakunionyesha cherehani. Alinipeleka nyuma ya banda, kwenye gari lililokuwa limevutwa kutoka barabara ya kreta. Lilikuwa limelala ubavu kwenye utelezi. Wageni walitoka salama na dereva alivunjika mkono, ila walikaa ndani muda mrefu kuliko ilivyopasa. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na jokofu la vinywaji, na vitasa vya ndani vya milango ya pembeni vilikuwa vimeng'oka, vimebaki matundu.

Mzee Melkiori aliniambia niingize kidole kwenye tundu moja nijaribu kufungua. Nilijaribu mpaka kucha ikavunjika. Alisema, "Binti, kutengeneza gari lililosimama kila mtu anajua. Wewe jifunze kutengeneza gari lililolala." Kisha akaniacha pale akaenda kunywa chai. Huo ndio ulikuwa ukarimu wake. Hakuwa mtu wa kusifia. Ukichomelea vizuri alipita bila kusema neno, ukichomelea vibaya aliupiga ule muungo kwa nyundo mbele yako mpaka ukaachia, akakurudishia vipande. Kutoka kwenye viti alinihamishia kwenye boliti za viti, kutoka kwenye boliti akanipeleka kwenye sakafu, na kabla sijajua nilikuwa nimevaa miwani ya kuchomelea na cherehani imepewa mtu mwingine.

Sitawachosha na miaka ya magari ya watalii, mnaijua. Mwenye gari anataka paa linalonyanyuka, anataka chaji za simu kila kiti, anataka jokofu. Ukimwuliza wageni wake watatokea wapi gari likipinduka, anakutazama kama umemtabiria msiba. Nimeng'oa majokofu mlangoni hadi mgongo ukaniuma, na nimeyakuta yamerudi mwezi uliofuata. Nimefunga vitasa vipya, dereva akavifungia kamba ili watoto wa wageni wasivichezee. Magari yanayokwenda Piyaya na Digodigo, kwenye njia ambazo mawe ni mengi kuliko udongo, ndiyo yaliyokuja yamefungwa kamba zaidi. Nikiuliza, jibu lilikuwa moja: mlango unapiga kelele. Kwa hiyo msinione mkali. Nimezeeka nikiwaomba watu wazima waache mlango uwe mlango.

Kazi ninayotaka kuwasimulia hasa haikuwa ya gari la watalii. Ni ya Deo.

Deo wengine mnamjua. Baba yake alikuwa na shamba la kahawa Oldeani, yeye akaongeza kampuni ya kutembeza wageni, na alipoona mambo yamenyooka akapatwa na ugonjwa wa magari ya mashindano. Siku moja lori lilishusha makasha pale gereji. Ndani kulikuwa na gari zima, ila vipande vipande: chesesi ya mabomba, bodi ya faibaglasi nyekundu, kiti kimoja, usukani mdogo kama sahani, na kijitabu cha maelezo ambacho Deo alikitupa hapohapo. Ni aina ya gari ambalo mtu hununua makasha na kuliunga mwenyewe, injini akaitoa kwenye gari jingine. Halina kazi barabarani. Linazunguka kwenye njia ya mashindano na kurudi lilikotoka. Njia yenyewe Deo na wenzake walikuwa wameichonga kwenye shamba lao la Oldeani, ikizunguka mahali pa zamani pa kuanikia kahawa, na watu walikuwa wanakuja na magari yao kutoka Arusha.

Alisema anataka liungwe, lipakwe rangi, na lisizidi uzito. Nilipomuuliza kuhusu usalama wa dereva alisema dereva ni yeye na anajua kuendesha. Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa kila mwenye gari aliyewahi kuvuka geti letu, na baadhi yao niliwaona baadaye wakiwa na plasta.

Tulianza. Nilijenga kizimba cha mabomba kumzunguka dereva, nikafunika mabomba ya karibu na kichwa kwa sponji ngumu. Deo alisema sponji ni mbaya machoni. Kiti nilikifunga kwenye chesesi kwa boliti zenye sahani za chuma chini, siyo kwenye sakafu ya faibaglasi kama alivyotaka, maana faibaglasi inachanika na kiti kinaondoka na mtu wake. Tenki la mafuta lilikaa kushoto kwa dereva, kwa hiyo nililijengea ukuta wa bati zito. Deo alisema bati linaongeza uzito. Nilimwambia yeye mwenyewe akiacha chakula cha usiku kwa wiki chache bati hilo litakuwa limejilipa. Alicheka, lakini siku mbili hakuja gereji.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya njia ya kutokea. Gari lilikuja na mlango mmoja, wa kulia, upande wa dereva. Kushoto palikuwa pamezibwa na tenki na mabomba. Nilimwambia Deo kwamba gari halichagui ubavu wa kulalia, na likilalia kulia atakuwa kwenye chupa iliyofungwa. Nilitaka nikate mlango wa pili paani, juu ya kichwa chake, wenye bawaba mbele, komeo la kuvuta kwa mkono wowote kutoka ndani, na kishikio cha nje kwa atakayekuja kumsaidia. Nilitaka pia usukani unaochomoka, kwa sababu kwa mwili wake hakuna alikokuwa anapita usukani ukiwa pale, na swichi kuu ya kukata umeme wote ambayo mkono wake ungeifikia mkanda ukiwa umebana.

Deo aliniambia kwamba nikikata paa nimeua gari. Lile paa, alisema, ndilo lililomfanya alinunue, limelala kama mgongo wa duma. Nilimjibu kwamba duma hana haja ya kutoka ndani ya duma. Tulibishana hivyo karibu wiki nzima, kila asubuhi tukianzia pale tulipoishia, mpaka vijana wakawa wanaondoka na spana zao kwenda kufanya kazi upande wa pili wa banda.

Aliyemaliza ule ubishi alikuwa mke wake. Yasinta ni mwalimu, mtu wa sauti ndogo, na hakuwa amewahi kukanyaga gereji. Siku hiyo alikuja peke yake kwa miguu, akanisalimia vizuri, akaomba aonyeshwe gari. Alilizunguka polepole. Aliuliza kila kitu ni cha nini, nikamweleza. Nilipofika kwenye paa nikamwambia kwamba hapo mimi na mume wake hatujaelewana.

Akasema, "Mama Eliza, mimi siwezi kumzuia asiendeshe. Nimejaribu. Wewe nisaidie atoke tu."

Siku ileile nikawasha grenda nikakata paa. Deo alipofika akakuta tundu. Alifungua mdomo, nikamwambia akamwulize Yasinta, akaufunga.

Mzee Melkiori alinifundisha kwamba mlango haujakamilika mpaka mtu atokee ndani yake. Kwa hiyo gari lilipokwisha nilikataa kulitoa kabla Deo hajafanya zoezi. Ilikuwa siku ya mnada, na uwanja wetu uko kando ya njia ya kupitishia ng'ombe. Nilimtaka avae helmeti, abane mkanda, afumbwe macho kwa kitambaa, kisha akate umeme, achomoe usukani, afungue mkanda, atokee juu. Alisema hawezi kufanya mchezo wa watoto mbele za watu. Yasinta, ambaye safari hii alikuja naye, alisogea garini. Alivua viatu, akaingia yeye, akajifunga, akafumbwa macho, na baada ya kupapasa kidogo akatokea paani akiwa ameshika usukani. Alitikisa sketi yake vumbi, akarudi kusimama alipokuwa.

Basi ikabidi mwanamume aingie. Umeme alikata. Usukani alichomoa. Mkanda ulifunguka. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, tumbo likagoma. Alibaki pale amenasa, nusu ndani nusu nje, kitambaa machoni. Kulikuwa na wafugaji waliokuwa wamesimamisha ng'ombe wao kutazama. Mmoja wao, mzee aliyetoka Piyaya, aliniita mama kwa Kimaasai, akaniuliza kwa upole kabisa, "Yeyo, huyu mtu alikuwepo wakati mnapima?"

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Deo alikuwa amekataa kupimwa akiwa amekaa kwenye kiti. Kila nilipomwita alikuwa kwenye simu, na aliniambia nikisie. Tulimvuta, akatoka amekasirika, hakuaga. Lakini kesho yake alirudi, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa, akabana mkanda, akanyanyua mikono. Nilichukua chaki nikaweka alama pale vidole vyake vilipofika. Nilipanua tundu mpaka kwenye bomba la kizimba, nikahamisha komeo, nikasogeza swichi. Alifanya zoezi tena na tena siku hiyo, macho yamefumbwa, mpaka akawa anatoka bila kugusa mahali pasipohusika. Nikafikiri tumemaliza. Miaka yote ile gereji, na bado nilifikiri hivyo.

Yasinta alinialika Oldeani siku ya mashindano. Nilienda na pikapu ya gereji, nikiwa nimevaa nguo ya kanisani. Ilikuwa kiangazi, na vumbi jekundu la Karatu mnalijua, linaingia hata kwenye sukari iliyofungwa. Nikamkuta Deo kavaa ovaroli mpya na helmeti, gari linang'aa, limebandikwa stika kila mahali. Nikaweka mkono kwenye paa, kwa mazoea tu, kuuchezesha ule mlango. Haukucheza.

Nilipochungulia nikaona silikoni. Mlango wote ulikuwa umezibwa pembeni kwa silikoni nyeusi, imesawazishwa kwa ustadi, na juu yake imepita stika ya jina la kampuni yake. Kumbe wiki ile alikuwa amelipeleka gari mjini kupigwa rangi upya, akawaambia mafundi wa huko kwamba mlango wa juu unaingiza vumbi, nao wakamtibu vumbi. Mkaguzi wa mashindano alikuwa amekwisha kupita. Aliangalia mkanda na helmeti, akaridhika.

Niliomba kisu. Deo aliniambia niache, magari yanapangwa mstarini. Nikamwambia halitoki. Alianza kwa upole, akaishia kwa ukali. Alisema gari ni lake, macho ni yake, kwenye mazoezi alikuwa haoni njia kwa sababu ya vumbi, na mtu asiyeona njia ndiye anayepata ajali, kwa hiyo kwa hesabu zake silikoni ndiyo usalama wenyewe.

"Mama Eliza, ukitoboa hiyo nitakula vumbi njia nzima."

"Kula," nikamwambia. "Vumbi linatemwa."

Watu wa timu yake walikuwa wananitazama kama mama mkwe aliyepotea njia. Nilinyoosha mkono, nikaomba kisu tena. Halafu nikahisi kitu kinagusa kiganja changu. Yasinta alikuwa amekaa kwenye jamvi akikata machungwa ya watu wa timu. Alinipa kisu chake, kikiwa bado kimelowa, akarudi kukaa. Hakumtazama mume wake.

Nilichana silikoni kuuzunguka mlango wote, nikachana stika katikati ya jina la kampuni, nikavuta mpaka mlango ukafunguka. Niliufungua na kuufunga mara kadhaa. Deo aliingia, akabana mkanda, akaangalia mbele. Hatukuagana.

Mizunguko ya mwanzo aliendesha vizuri, lazima niseme. Kisha kwenye kona ya chini, pale mtaro wa maji ya mvua unapopita kando ya mibuni, gurudumu la nyuma lilipanda jiwe. Gari lilinyanyuka upande, likaonekana kama linafikiri, likaanguka ndani ya mtaro kwa ubavu wa kulia. Mlango wa dereva ukawa umekandamizwa kwenye ukingo wa udongo. Vumbi likafunika kila kitu.

Nilikimbia. Sikumbuki viatu nilivivulia wapi. Nilipokaribia nilisikia harufu ya petroli, na nikasikia ukimya. Injini ilikuwa imezimwa, maana yake mkono wake ulikuwa umefika kwenye swichi. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na papo hapo nikaanza kuogopa mkanda. Mtu akining'inia ubavu akaufungua bila kujishikilia anaangukia shingo. Nilikuwa nimemwambia ashike kwanza bomba la juu. Kama alikuwa ananisikiliza siku ile ya zoezi au alikuwa anawaza simu, sikujua.

Kisha kupitia vumbi nikaona mlango wa paani unafunguka, na kitu cha duara kikarushwa nje. Ulikuwa usukani. Ikafuata helmeti, mabega, tumbo, na huyo akatambaa nje kwa viwiko juu ya udongo. Vijana wa timu walimshika wakamburuta mbali. Hawajafika mbali, mafuta yaliyokuwa yanadondokea bomba la moshi yakawaka. Faibaglasi ikishika moto haisubiri mtu. Waliukabili kwa mitungi ya kuzimia moto na kwa makoleo ya udongo, na walipoushinda upande mzima wa bodi ulikuwa umeyeyuka, sponji imekuwa mkaa, na kiti kimebaki vyuma.

Deo alikuwa amekaa chini, mkwaruzo shingoni, uso mwekundu kwa udongo. Alinitazama, akatema mate.

"Vumbi lilikuwa jingi kweli," akasema.

Nilitaka kumpiga kofi. Sisemi kwa mfano, mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Badala yake nilikaa chini na nguo yangu ya kanisani, pale pale kwenye majani ya kahawa, nikalia kwa hasira. Deo akasogea akanishika bega, akasema pole, mama, kana kwamba mimi ndiye niliyetoka mtaroni. Yasinta alikuja na chupa ya chai. Alimmiminia mume wake, mikono yake imara kabisa, kisha akanimiminia mimi, na hapo ndipo chai ilipomwagika.

Mabaki ya gari yalirudishwa gereji juu ya lori lilelile. Nilidhani yanakwenda chuma chakavu. Nilikuwa nimebakiza miezi michache ya kazi, na nilikuwa nimeshaamua sitagusa tena gari lenye kiti kimoja. Deo alikuja akazunguka ile mifupa, akagonga kizimba kwa kidole, akasema chesesi bado imenyooka, anaagiza bodi nyingine. Nilimwambia atafute fundi mwingine. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki, kwa kuwa wajukuu wangu wanajua kusoma.

Yasinta alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba wake wa shule. Alinisubiri mpaka nikamaliza.

"Mama Eliza," akasema, "safari hii nataka viti viwili."

Deo akageuka. Ilionekana wazi kwamba habari hiyo alikuwa anaisikia pamoja na mimi. Alianza kusema kuhusu uzito, kuhusu tenki, kuhusu sheria za mashindano, kuhusu nani atabaki na watoto. Yasinta akamwacha aongee mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamwambia, kwa sauti ileile ndogo, kwamba kukaa kwenye jamvi akikata machungwa na kutazama vumbi hawezi tena. Deo akiendesha, yeye atakuwa pembeni yake. Asipoendesha, watakaa wote nyumbani. Achague.

Halafu akanigeukia mimi. "Sasa niambie, na mimi nitatokea wapi?"

Wenzangu, hapo mngefanya nini? Nilivaa miwani. Tenki nililihamishia nyuma, nikalitenga na dereva kwa bati zito kuliko lile la kwanza, na safari hii hakuna aliyetaja uzito. Ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho. Wanaendesha mpaka leo, taratibu zaidi kuliko Deo anavyopenda, na mara chache wanashinda. Gari lina milango miwili pembeni na miwili paani. Yote inafunguka vizuri, ila wa Yasinta unafunguka vizuri zaidi. Nilihakikisha.